Nakokotoa hatari za watu wengine, yangu imenishinda

Mpendwa Mshauri,

Nina umri wa miaka 43, nina mke na watoto wawili, na kwa miaka 17 kazi yangu imekuwa kukokotoa hatari katika kampuni ya bima. Watu huniletea majanga ambayo bado hayajatokea, nami huyapa namba. Ninakuandikia kuhusu uamuzi mmoja ambao, kwa mtu wa fani yangu, ulipaswa kumalizika kwa nusu saa, lakini sasa ni wiki ya 6 silali vizuri.

Rafiki yangu tuliyesoma naye ameanzisha kampuni ndogo inayotengeneza programu ya kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kutunza hesabu zao, na anatafuta mbia. Ili kurahisisha maelezo, nitapima kila kitu kwa mshahara wangu wa mwezi mmoja. Akiba ya nyumba yetu ni sawa na mishahara 30, na yeye anataka niweke 24. Kazi sitaiacha. Kwa makadirio yake, ambayo nimeyapitia na kuyakubali, kuna uwezekano wa 4 kati ya 10 kwamba baada ya miaka 5 hisa zangu zitakuwa na thamani ya mishahara 96, na uwezekano wa 6 kati ya 10 kwamba kampuni itakufa nami nitapoteza yote 24. Hesabu yake ni ya mtoto wa shule: 96 mara 0.4 ni 38.4, nacho ni kiasi kinachozidi mtaji kwa zaidi ya nusu. Ningeletewa jalada hili kazini, bila jina langu juu yake, ningelipitisha siku hiyohiyo.

Lazima nieleze jambo jingine. Miaka 4 iliyopita tulikuwa na 50. Niliingiza sehemu kubwa katika mradi wa mtu niliyemwamini, mradi ukafa ndani ya miezi michache, na tangu hapo tumekuwa tukiweka robo ya mshahara kila mwezi bila kukosa. Ndivyo tulivyotoka 18 tukafika hapa tulipo. Nina daftari ambalo kila mwisho wa mwezi naandika salio letu, na pembeni, kwa wino mwekundu, naandika tofauti kati ya salio hilo na 50. Mwezi uliopita niliandika: kasoro 20. Mke wangu analiita daftari la maombolezo.

Yeye hataki niingie. Ni mtu mwoga wa mambo ya fedha na hakusomea haya ninayoyasoma mimi, kwa hiyo nimemwonyesha ile hesabu ya 38.4 mara tatu, nimemwambia kwamba hii ndiyo nafasi pekee ya kuirudisha ile 50 kabla watoto hawajafika chuo. Jibu lake la mwisho lilikuwa: “Wewe hununui hisa, unaifukuzia ile hasara.” Tangu siku hiyo hatulizungumzi.

Kilichonivuruga zaidi ni swali la rafiki yangu. Aliniuliza: “Chukulia umeshaiweka hiyo mishahara 24, na leo mtu anakuja kukurudishia yote. Utaichukua?” Nilijibu papo hapo kwamba nisingeichukua. Usiku nikajiuliza, kama nisingeitoa, kwa nini naogopa kuiweka? Ni uamuzi uleule, na mimi nimeujibu kwa namna mbili. Ninaona aibu. Anataka jibu mwishoni mwa mwezi ujao. Nifuate hesabu au nifuate woga?

Mkokotoaji asiyelala

*

Ndugu yangu,

Mara ya kwanza niliisoma barua yako kama ulivyotaka isomwe, yaani kama barua ya mtu aliyesimama kati ya hesabu na woga, akiwa upande wa hesabu na mkewe upande wa woga. Mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi. Namba 50 umeitaja mara tatu. Namba 18, ambayo ndiyo salio mlilobaki nalo baada ya ule mradi kufa, umeitaja mara moja tu, tena kwa kupita. Nitairudia tofauti hiyo, kwa sababu naona inabeba sehemu kubwa ya usingizi unaoukosa.

Kwanza tuitoe aibu njiani. Mwaka 1952, katika mkutano uliofanyika Paris, mchumi Mfaransa Maurice Allais alimwekea mwanatakwimu Mmarekani Leonard Savage maswali mawili ya kuchagua kati ya bahati nasibu. Savage alikuwa akijenga kanuni za jinsi mtu mwenye mantiki anavyopaswa kuamua mbele ya hatari, kanuni alizozichapisha miaka 2 baadaye. Aliyajibu maswali yote mawili, na majibu yake yakavunja kanuni zake mwenyewe, kwa kuwa aliuthamini uhakika kamili kupita kiasi ambacho kanuni hizo zinaruhusu. Savage alikiri kosa, akarekebisha jibu na kuziacha kanuni kama zilivyo. Allais naye alishikilia kwamba chenye kasoro ni kanuni. Wote wawili wameshafariki na mzozo wao haujaisha. Kwa hiyo kama umejibu swali moja kwa namna mbili, uko pamoja na watu wazito.

Sasa niiguse ile 38.4. Umeiita hesabu, na upande wa pili ukauita woga, kana kwamba wastani ndiyo lugha pekee ambayo hatari inaongea. Wastani huo ulianza kutiliwa shaka mwaka 1713, pale mwanahisabati Nicolas Bernoulli alipotunga fumbo la mchezo wa kurusha dadu ambamo malipo huongezeka maradufu kwa kila mrusho hadi upande uliotajwa utokee. Wastani wa malipo ya mchezo huo hauna mwisho, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angelipa fedha nyingi ili aucheze. Binamu yake, Daniel Bernoulli, alitoa jibu mwaka 1738: mtu hapimi fedha, hupima manufaa ya fedha hizo katika maisha yake, na kila nyongeza huwa na manufaa madogo kadiri anavyokuwa nazo nyingi. Kipimo alichopendekeza ni cha logarithimu, yaani mali ikiongezeka maradufu manufaa huongezeka kwa kiasi kilekile, iwe ni kwa maskini au kwa tajiri.

Nilijaribu kuziweka namba zako katika kipimo hicho. Mkifanikiwa mtakuwa na 102, yaani 6 mliyobakiza na 96 ya hisa. Mkishindwa mtabaki na 6. Kwa Bernoulli, bahati nasibu hiyo ina uzito sawa na kuwa na mishahara 18.6 mkononi bila shaka yoyote. Nanyi tayari mnayo 30. Hapo huo unaouita woga una hesabu yake kamili, tena ya miaka mingi kabla ya kazi yako kuwa taaluma.

Lakini tusifunge kitabu hapo. Bernoulli huyohuyo aliandika kwamba mali ya mtu si kilichomo kisandukuni peke yake. Kwa watu wengi sehemu iliyo kubwa kuliko zote ni uwezo wao wa kuzalisha, na hata ombaomba, alisema, ana mali katika uwezo wake wa kuomba. Wewe una miaka kama 20 ya kazi mbele yako. Mkiendelea kuweka robo ya mshahara mtaongeza mishahara 60. Ukiiingiza hiyo, leo mna 90. Mkifanikiwa mtakuwa na 162, mkishindwa 66, na kipimo kilekile sasa kinaipa bahati nasibu hiyo uzito wa 94.5, ambao ni zaidi ya 90. Jibu limegeuka, na mchezo haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kama tunaamini kwamba afya yako na ajira yako vitadumu miaka 20, na wewe katika kazi yako unajua kuliko mimi jinsi ya kulijadili jambo hilo.

Kuna tofauti nyingine kati ya meza yako ya kazini na meza ya nyumbani, nayo nadhani umeihisi bila kuitaja. Mchumi Paul Samuelson alisimulia mwaka 1963 kuhusu mfanyakazi mwenzake aliyekataa kucheza sarafu mara moja, kwa kupata 200 au kupoteza 100, lakini akasema angekubali kama angeruhusiwa kuicheza mara 100. Samuelson alitumia hisabati kuonyesha kwamba msimamo huo una kasoro, na wanazuoni wameubishania tangu hapo. Hata hivyo kila mtu anamwelewa yule mwenzake. Kampuni unayoifanyia kazi imekusanya maelfu ya mikataba, na wastani ni mali ya mkusanyiko huo. Wewe una mrusho mmoja. Hutapokea 38.4 kamwe, utapokea 96 au hutapokea chochote.

Sasa nirudi kwenye 50. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha nadharia ya matazamio, na kati ya mengine walionyesha jaribio hili: watu walipoulizwa kama wangependa kupata 3,000 kwa hakika au 4,000 kwa uwezekano wa asilimia 80, asilimia 80 yao walichagua uhakika. Fedha zilezile zilipogeuzwa kuwa hasara, yaani kupoteza 3,000 kwa hakika au 4,000 kwa uwezekano wa asilimia 80, asilimia 92 walichagua kubahatisha. Mtu anayejiona yuko juu hukilinda alichonacho, na anayejiona yuko shimoni hukubali kubahatisha ili atoke. Waliongeza kwamba mtu ambaye hajapatana na hasara zake huenda akaikubali michezo ambayo kwa hali nyingine angeikataa. Mkeo amelisema jambo hilo kwa maneno sita, bila kusoma chochote.

Naomba uniruhusu hesabu moja zaidi, maana najua ndiyo lugha unayoiamini. Mwaka 1992 watafiti hao walikadiria kwamba hasara humlemea mtu kwa uzito wa takriban mara 2.25 ya faida ya kiasi hichohicho. Nimeutumia uzito huo peke yake na kuziacha sehemu nyingine za nadharia yao. Ukijipima kutoka 30, yaani mlipo leo, kubaki kuna thamani ya sifuri na kuingia kuna thamani ya kasoro 3.6: unabaki. Ukijipima kutoka 50, kubaki kunakuwa kasoro 45 na kuingia kasoro 38.6: unaingia. Na ukijipima kutoka 18, kubaki ni 12 na kuingia ni 17.4: unaingia tena, safari hii kwa sababu kinachobahatishwa kinaonekana kama cha kuokota. Fedha ni zilezile na uwezekano ni uleule katika hesabu zote tatu. Aliyeamua ni mahali ulipouweka mwanzo wa rula.

Ndiyo maana swali la rafiki yako lilikuvuruga. Sidhani kwamba alikutega. Pengine hata yeye hajui alichofanya. Alipokuambia uchukulie fedha zimeshawekwa, aliisogeza rula, akazifanya hisa kuwa hali ya kawaida na kuzitoa kuwa ndiyo tendo linalohitaji sababu. Wachumi William Samuelson na Richard Zeckhauser waliandika mwaka 1988 jinsi watu wanavyoegemea hali yoyote wanayoambiwa kwamba ndiyo iliyopo. Swali lake linafaa kama dawa dhidi ya mazoea, lakini huwezi kulichukua kama ushahidi kwamba moyo wako unataka kuingia.

Nina swali langu, na hili ningependa ulijibu kwa maandishi: ile 4 kati ya 10 imetoka wapi? Umesema ni makadirio yake, umeyapitia, umeyakubali. Kazini namba kama hiyo ingetoka katika jedwali lililojengwa kwa madai ya miaka mingi. Hapa imetoka kwa mtu anayehitaji fedha zako, na hata akiwa mkweli kabisa, anaitazama kampuni aliyoizaa. Mchumi Frank Knight alitenganisha mambo haya mwaka 1921: iko hatari ambayo uwezekano wake unapimika, na uko utata ambao hakuna anayeweza kuupima kwa haki. Daniel Ellsberg alionyesha mwaka 1961, kwa mfano wa chungu chenye mipira 30 myekundu na mingine 60 ambayo ni myeusi na ya manjano kwa mgawanyo usiojulikana, kwamba watu hupendelea kuiwekea dau mipira wanayojua idadi yake. Huo si upungufu wa akili. Jaribu kuibadilisha namba moja tu: ikiwa uwezekano wa kweli ni 1 kati ya 4, basi 96 mara 0.25 ni 24 kamili, na faida iliyokutia moyo imekwisha. Je, unaweza kutofautisha, kwa ushahidi ulionao, kampuni yenye 4 kati ya 10 na yenye 1 kati ya 4? Ukiweza, ni vipimo gani ulivyotumia?

Kuhusu mkeo nitasema machache, kwa sababu hakuniandikia yeye. Nadharia zote nilizozitaja zinamzungumzia mwamuzi mmoja mwenye mfuko mmoja. Ninyi mko wawili na mfuko ni mmoja. Aliishi na 18 kama wewe, na robo ya mshahara iliyowekwa kila mwezi kwa miaka 4 ilitoka pia katika vitu ambavyo yeye alijinyima. Umemwonyesha 38.4 mara tatu. Sijaona mahali ulipomuuliza ni kiasi gani kikipotea bado ataweza kulala. Huenda akatoa namba. Huenda namba hiyo ikakushangaza, kwa upande wowote.

Njia zilizo mbele yenu zimezidi mbili. Kuingia na 24 kunaacha nafasi ya kufika 102, na kunawaacha na nafasi 6 kati ya 10, kwa kadirio la rafiki mwenyewe, ya kubaki na mishahara 6 mkononi wakati watoto wanakaribia chuo. Kubaki kuna gharama yake pia: rafiki huyu utaendelea kumwona, na akifanikiwa utaishi ukiitazama njia ambayo hukuipita. Graham Loomes na Robert Sugden, katika nadharia yao ya majuto ya mwaka 1982, waliyaingiza majuto hayo ndani ya hesabu yenyewe, kwa hiyo usiyadharau. Kati ya hizo mbili ipo njia ya kuingia kidogo. Kwa mfano, ukiweka mishahara 6 badala ya 24, kwa sehemu ya hisa inayolingana, kipimo cha Bernoulli kinatoa 31.7 hata bila kuihesabu akiba ya baadaye, na mkishindwa bado mna 24. Hatari ya njia hiyo ni kwamba rafiki anaweza kuikataa, au akaikubali kisha mwaka ujao akarudi kuomba nyongeza, wakati tayari una hasara mpya ya kuifukuzia. Ipo pia njia ya kuweka kwa awamu, kila awamu ikifungwa na jambo linaloonekana, kama idadi ya wateja wanaolipa. Hiyo itahitaji mkataba ulioandikwa na mtu mwingine ambaye si wewe wala yeye.

Umeandika kwamba hii ni nafasi pekee ya kuirudisha 50. Mnaweka mishahara 3 kwa mwaka. Ukiachilia mbali mfumuko wa bei na riba, upungufu wa 20 unazibika katika muda usiozidi miaka 7 bila kubahatisha chochote. Huenda miaka 7 ni mingi mno kwa ajili ya watoto, na hilo ni jambo la kweli linalostahili kupimwa. Lakini neno “pekee” umeliandika wewe, na hesabu zako mwenyewe hazilikubali.

Kabla ya mwisho wa mwezi ujao, ningependa mketi na lile daftari, mfungue ukurasa mpya, na kila mmoja wenu aandike kwa siri namba anayoiona kuwa ndiyo mwanzo: 50, 30, 18, au nyingine. Halafu mwonyeshane. Mkiwa mmeandika namba tofauti, mazungumzo mliyoyaacha yanaweza kuanzia hapo, kabla hamjaigusa kampuni ya rafiki. Na kama kalamu nyekundu itakuwa karibu, iwekeni mbali kwa jioni hiyo moja. Niandikie mtakachokiona.

Mshauri wako